Usiku Mmoja Penrose

Bakiri alipoambiwa na binti yake kwamba amewalipia yeye na mama yake usiku mmoja gesti, aliweka nyundo chini na kumtazama mtoto kama aliyetukanwa. Kwao Tanga, mtu mwenye mke wake wa ndoa haendi gesti. Anayeenda gesti ni yule anayeingia kwa mlango wa nyuma, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Na Bakiri ni fundi makochi mwenye karakana Jeppestown, anayejulikana mtaa mzima, mtu wa swala tano, babu wa kesho kutwa.

"Eish, baba," Nusaiba alisema. "Si gesti ya hivyo. Ni nyumba ya zamani, ya Waingereza. Watu wanaenda pumzika tu."

Kiswahili cha Nusaiba kina mabonde yake. Alizaliwa hapahapa Johannesburg, anakisikia chote, lakini akikisema kinamponyoka katikati na yeye hubaki akikimbiza maneno. Siku hiyo alikikimbiza kwa bidii, na baba yake akajua jambo hili si la mchezo.

Penrose ni mji mdogo milimani, mwendo wa masaa machache mashariki ya Johannesburg. Waingereza waliifuata dhahabu zamani zile, wakajenga kama kwao: kanisa la mawe, baraza zenye nakshi, bustani za maua ya waridi. Dhahabu ikaisha, wachimbaji wakaondoka au wakafa, nyumba zikabaki. Sasa watu wa Johannesburg waliochoshwa na kelele huenda huko kulala usiku mmoja, kunywa chai na kutembea bila kuangalia nyuma nani anawafuata. Nusaiba alipaona kwenye simu akapapenda. Lakini hakupalipia kwa sababu ya maua ya waridi. Alipalipia kwa sababu nyumbani kwao Turffontein mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Yalikwisha kwa ajili ya Tanga. Bakiri ana nyumba kule, mtaa wa Makorora, ameijenga tofali kwa tofali kwa muda ambao mwingine angemaliza msikiti. Sasa bati limepanda, madirisha yamo, hata choo kina vigae. Ameshawaambia watu wote kwamba mwaka huu anarudi. Amemwambia fundi mwenzake Ahmad, ambaye atabaki na karakana. Amewaambia ndugu zake, nao wamekaa mkao wa kupokea zawadi. Tabia, mke wake, akiulizwa lini, hujibu, "Inshallah." Na kila mwenye masikio alikuwa akijua kwamba inshallah ile haikuwa ndiyo. Bakiri akitaja mwezi, Tabia ana harusi ya mtu. Akitaja mwezi mwingine, goti linamsumbua. Ndoa ya watu wazima, na haijulikani kama mume ataondoka na mke au ataondoka na sanduku.

Bakiri alikuwa na hakika anaijua sababu. Sababu iliitwa Karimu.

Karimu alikuwa mtoto wao wa kwanza. Aliugua homa ya uti wa mgongo mwaka wa mwisho wa shule, akaondoka kabla hata mama yake hajazoea neno lenyewe la ugonjwa. Nusaiba alikuwa bado mdogo. Karimu alizikwa hapahapa Johannesburg siku ileile, kabla ya magharibi, kama inavyotakiwa. Wanaume walilichukua jeneza, Tabia akabaki ndani na wanawake wenzake, maana kwao pwani mwanamke hafuati maiti makaburini. Hakuna aliyemkataza. Hakukuwa na haja ya kumkataza. Ndivyo mambo yalivyo, na Tabia alilelewa hivyo. Alisimama dirishani mpaka lori dogo lilipokata kona, kisha wakamkalisha.

Tangu siku hiyo Bakiri alianza kumwita mkewe Mama Nusaiba. Watu wote walikuwa wakimwita Mama Karimu, kama ada, kwa jina la mtoto wa kwanza. Bakiri aliona kulitaja jina lile ndani ya nyumba kila asubuhi, wakati wa kuomba chai, ni kumchoma mwanamke kisu. Majirani wakafuata. Tabia yeye mwenyewe aliendelea kumwita mumewe Baba Karimu, vilevile, kwa sauti ileile, kama hakuna kilichobadilika.

Na kuna jambo moja ambalo Bakiri hakumwambia mtu. Hakuwahi kurudi kaburini. Kila Idi wanaume hutoka kuswali na kwenda kuwasalimu maiti wao, naye humuaga mkewe kwa maneno hayohayo, "Napitia makaburini." Kisha huenda karakana, hufunga mlango, huketi juu ya kochi lisilo na kitambaa mpaka saa za kurudi zifike. Dua inafika popote, alijiambia. Yasini anasoma. Lakini miguu ilikataa. Mara ya kwanza ilikataa kwa uchungu, mara ya pili kwa aibu ya ile ya kwanza, na baada ya hapo ikawa mazoea.

Basi Jumamosi ikafika. Tabia alifunga safari ya usiku mmoja kama anayehamia Msumbiji. Alibeba mikate ya kumimina, samaki wa kukaanga, chupa mbili za chai, kanga za kulalia na kanga za kufunika kanga, na bakuli kubwa la visheti. Jirani yao Marthe, msusi kutoka Lubumbashi, alikuwa amemsuka tangu jana yake, akaja hadi kwenye gari kumkagua.

"Vala ile robe ya bleu, mama," alisema. "Unaibakisha ya nani?"

Tabia akarudi ndani akavaa gauni la buluu chini ya baibui. Bakiri alimwona akicheka na Marthe mlangoni, na akajiuliza ni lini mara ya mwisho yeye alimchekesha hivyo.

Nusaiba aliwaendesha. Alikuwa na rafiki yake mji wa jirani, angelala huko na kuwafuata kesho yake. Walipopita robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, na majengo kuisha, Tabia aliegemeza kichwa kwenye kioo cha gari na kutazama milima. Bakiri alikuwa amepanga maneno yake. Huko, alijiambia, nitamwuliza mara moja tu, uso kwa uso: tunakwenda au hatuendi?

Gesti ilikuwa nyumba ya mabati iliyopakwa rangi ya maziwa, yenye baraza pana. Mwenyewe, bibi wa Kizungu mwenye mvi na viatu vya bustani, aliwapokea kwa adabu. Kabla hajawapa ufunguo, Tabia alimkabidhi bakuli la visheti kwa mikono miwili. Mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu, iwe imelipiwa, iwe haikulipiwa. Yule bibi aliduwaa, akaonja kimoja papo hapo, akaonja cha pili, akaingia nacho jikoni.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Baada ya muda bibi aligonga mlango na sahani ya vikeki vya moto, siagi na jamu. Wakala. Tabia akaiosha sahani, akaitazama. Kurudisha sahani tupu kwa jirani ni jambo ambalo mama yake asingemsamehe hata kaburini, basi akaijaza mikate ya kumimina. Bibi akapokea kwa furaha, na kwa kuwa naye alilelewa na watu, akarudi na mtungi wa maziwa na vipande vya pai. Tabia akaweka samaki. Sahani ikaenda na kurudi katika ukumbi ule wa saa za ukutani na picha za wachimbaji wenye masharubu, wanawake wawili wasioelewana lugha vizuri wakishindana kwa ukarimu, hata Bakiri akaona mapumziko yatakuwa ya kula peke yake.

"Basi, mama," alimwambia mkewe. "Mwache huyu ashinde. Ni kwake."

"Ashinde vipi? Nimebakiwa na vitumbua," Tabia alisema, na alikuwa amechangamka kweli.

Chumbani kitanda kilikuwa na mito mingi hata mahali pa kulala pakawa pa kutafuta. Palikuwa na beseni la kuogea lenye miguu ya shaba, na kiti kimoja cha zamani ambacho Bakiri alikipindua mara tu mkewe alipoingia kuoga, akaona kimejazwa singa za farasi na kushonwa kwa mkono, akakirudisha taratibu kwa heshima. Aliswali alasiri akielekea kaskazini, upande wa dirisha, milima ikiwa mbele yake. Tabia alitoka bafuni amevaa lile gauni la buluu. Alikuwa mzuri, na Bakiri alimwambia hivyo. Alikuwa hajamwambia hivyo kwa muda mrefu, na wote wawili walitahayari kidogo.

Jua lilipopoa wakatoka kutembea. Walilipita kanisa, wakalipita duka la peremende lililokuwa benki zamani, wakafuata njia ya mawe iliyopanda kilima pamoja na wageni wengine. Njia ikaishia kwenye geti la chuma. Ndani kulikuwa na makaburi.

Bakiri alisimama. Miguu yake ilisimama yenyewe, ya mazoea. Kisha aligeuka ili amrudishe mkewe, lakini Tabia alikuwa ameshaingia. Alipita katikati ya mawe yale kwa utulivu, mkono mmoja ameshika ncha ya mtandio. Bakiri akamfuata, maana mwanamume hawezi kumwacha mkewe peke yake na maiti wa Kizungu.

Wengi walikuwa vijana. Bakiri alisoma mawe kwa sauti ndogo, akimtafsiria. Huyu maporomoko ya shimo. Huyu homa. Huyu alizaliwa Cornwall, huyu naye Cornwall, huyu sijui wapi, lakini Uingereza. Kila jiwe lilitaja alikozaliwa mtu, kana kwamba kuna atakayekuja kuuliza. Bakiri hakutegemea kuwaonea huruma Waingereza, watu waliokuja na bunduki na kuchukua dhahabu ya wenyewe, lakini hawa walikuwa watoto wa watu waliokuja kutafuta, na alikijua kutafuta. Waliandika barua kwao wakisema mwakani narudi.

Tabia alisimama mbele ya jiwe moja lililoinama. "Na hili?"

"Kijana wa miaka ishirini," Bakiri alisema. "Anasema, jiwe hili limewekwa na mama yake mpenzi."

"Mama yake alikuja?"

"Atakuja na nini enzi zile? Alituma fedha tu, watu wakamwekea."

"Kwa hiyo hakupaona."

"Hakupaona."

Tabia aliokota jani kavu lililokuwa juu ya jiwe, akaliangusha pembeni. Bakiri alimtazama, na moyo wake ukafunguka kwa ghafla, akadhani ameelewa kila kitu. Mke wake hataki kwenda Tanga kwa sababu hajawahi kuliona kaburi la mwanawe. Amekaa miaka yote akingoja kupelekwa, na yeye, kwa kushika ada, hakuwahi kumwuliza. Aliona huruma, na ndani ya huruma aliona pia njia ya kutokea.

"Kesho," alisema, na sauti ilimkwaruza, "tukirudi, nitakupeleka kwa Karimu."

Tabia aligeuka akamtazama usoni. Hakushtuka, hakulia, kama alivyotegemea. Alimtazama tu, vile mtu anavyotazama mlango uliokuwa umefungwa muda mrefu.

"Unapakumbuka?"

"Nitapasahau vipi?"

Ulikuwa uongo, na aliusema bila kupepesa macho.

Jioni ile Tabia alilala mapema, usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo. Bakiri alikaa kwenye kiti cha singa za farasi akijaribu kukumbuka. Kulikuwa na bomba la maji. Kulikuwa na ua wa waya, na mti, mkaratusi labda, upande wa kulia ukiingia. Au kushoto? Siku ile hakuona kitu ila migongo ya watu na udongo mwekundu. Alimkumbuka Shehe, aliyeshuka naye kaburini hadi mwanandani, lakini Shehe alihamia Durban na namba yake haipatikani. Bakiri alijiona mtu duni. Alikuwa pahali pazuri kuliko pote alipowahi kulala, na alitamani asubuhi isifike.

Ilifika, na mayai, na mkate wa kuchoma, na yule bibi akisimama barazani na bakuli la Tabia, amelijaza ndimu za bustanini kwake. Walikumbatiana. Nusaiba alikuwa ameshawasha gari.

"Pitia makaburini kwanza," Bakiri alimwambia. "Nampeleka mama yako kwa kaka yako."

Nusaiba alinyanyua macho kwenye kioo kumtazama mama yake. Tabia alitikisa kichwa kidogo tu, na msichana akanyamaza, akaondoa gari. Bakiri aliliona hilo lakini hakulitia maanani. Alikuwa na yake.

Mchana walifika. Makaburi yalikuwa yameongezeka kupita kiasi. Bakiri aliwasalimu maiti kama inavyopasa, akaanza kutembea kwa hatua za mtu anayejua aendako, mkewe nyuma yake. Bomba lilikuwepo, lakini yalikuwa mabomba matatu. Mkaratusi ulikuwa umekatwa au haukuwahi kuwepo. Alikata kushoto, akarudi, akakata tena. Vilima vidogo vya udongo vilifuatana, vingine na kibao, vingine na mawe tu, na vyote vilifanana. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Kule kutouliza kwa mkewe kulimbana Bakiri kuliko swali lolote.

Alifika mahali akasimama. Mbele yake palikuwa na kaburi lisilo na jina, limezungushiwa mawe meupe. Angejuaje mwanamke, ambaye hajawahi kukanyaga hapa? Na dua si itafika tu? Bakiri alinyanyua mkono, akanyoosha kidole.

"Hapa," alisema.

"Huyo ni mzee wa Kisomali," Tabia alisema taratibu. "Wamemzika mwaka jana. Wajukuu zake huja Jumanne."

Kisha akampita, akashika njia kati ya safu mbili, akaruka mfereji mdogo bila kuuangalia, akafika kwenye kona karibu na ua wa waya. Bakiri alimfuata kama mtoto. Kaburi lilikuwa safi. Magugu yalikuwa yameng'olewa mpaka pembeni, kokoto zimepangwa, na kibao kidogo cha mbao kilikuwa na jina la Karimu bin Bakiri, rangi yake bado mpya.

"Marthe ndiye aliyenileta mara ya kwanza," Tabia alisema. "Aliniambia kwao mama anakwenda. Nilitetemeka njia nzima. Baadaye nikaja mwenyewe. Nusaiba akipata gari hunileta yeye."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungekuja kwa ajili yangu. Nilitaka uje kwa ajili yake." Aliinama akachomoa jani moja la nyasi ambalo halikuwa na kosa. "Kila Idi nilikuwa nakuuliza, umemkutaje? Unasema, hajambo, kapumzika. Na mimi naja huku kesho yake, natazama kama kuna alama ya mguu."

Bakiri alivua kofia, akaikunjakunja mikononi.

"Watu wanadhani mimi ndiye nisiyetaka kwenda Tanga," Tabia aliendelea, bila hasira. "Nataka. Mama yangu mzee. Mimi mtoto huyu nimeshamuaga, Baba Karimu, zamani sana. Lakini wewe ningekupandisha basi vipi, na mwanao hujamsalimia tangu ulipomfukia?"

Bakiri alichuchumaa. Aliweka kiganja juu ya udongo, na udongo ulikuwa na joto la jua. Alilia, kwa sauti, mtu mzima wa Jeppestown, wala hakuficha uso. Alimwomba radhi mtoto kwanza, kisha mama wa mtoto. Alimweleza Karimu habari za karakana, za dada yake aliyekuwa mkubwa sasa na gari lake, za nyumba ya Makorora ambayo chumba cha uani alikuwa amekichora kwa ajili yake kabla hajaugua. Maneno yalitoka bila mpango, mengine ya kipuuzi. Tabia alisogea pembeni akamwachia nafasi, akasimama kwenye ua wa waya akitazama barabara.

Aliporudi, Bakiri alikuwa ameketi kabisa chini, suruali ya safari imejaa vumbi jekundu. Tabia alimgusa bega.

"Haya," alisema. "Mimi niko tayari. Nitajie tarehe, nianze kufunga vyombo."

Bakiri hakunyanyua macho.

"Ngoja kwanza, Mama Karimu," alisema. "Ndio kwanza nimefika."